Aliyekosa ni Mmoja, Aliyechomewa ni Mwingine

Miaka yote niliyofundisha shule za msingi za Temeke, tabia moja ya watoto wa miaka 12 mpaka 14 haikubadilika: kutambiana. "Huwezi!" "Naweza!" "Fanya basi tuone!" Mtoto wa umri huo ataparamia ukuta wenye vipande vya chupa, atakunywa maji ya mtaro, atamwita mwalimu mkuu kwa jina lake la utani akiwa mbele yake, kisa tu mwenzake kamwambia hawezi. Ni umri wa kulijaribu kila neno aliloambiwa na wakubwa aone kama ni kweli. Naanza na hili kwa sababu yaliyotufika Mbagala Oktoba 2012 yalianza na watoto wawili wakitambiana, na watu wazima wengi walioyazungumza baadaye walipita hapo mbio, wakaanzia kwenye makanisa yanayowaka moto.

Habari ilivyotufikia wakati ule ni hii. Vijana wawili waliokuwa wakicheza pamoja, mmoja Muislamu na mwingine Mkristo wa miaka 14, walibishana kuhusu Kurani. Yule Muislamu alidai kwamba anayeukojolea Msahafu anageuka nyoka. Mwenzake akabisha. Akafanya. Hakugeuka nyoka. Habari ikatoka kwa watoto ikaingia kwa wakubwa, na mtoto akafikishwa polisi. Ijumaa ya tarehe 12, baada ya swala, umati ukaenda kituoni kudai akabidhiwe. Polisi wakakataa kumtoa, wakapiga mabomu ya machozi. Watu wakatawanyika, na katika kutawanyika kwao wakayaendea makanisa. Makanisa kadhaa ya Mbagala yalivunjwa vioo na kuchomwa, likiwemo la Kilutheri (KKKT) pale Zakhem. Watu zaidi ya mia walikamatwa. Rais Jakaya Kikwete alikuja kujionea mwenyewe.

Mimi ni Muislamu. Nilianza chuo Kilwa Kivinje nikiwa sijaota meno ya ukubwani, na kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla ya alifu, ni namna ya kuushika Msahafu: uwe na udhu, usiuweke chini, usiupite kwa mguu. Mpaka leo nikiona karatasi ya Kiarabu imeanguka barabarani nainama kuiokota, isije ikawa ni aya. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nalichukulia jambo lile kijuujuu. Nilipolisikia mara ya kwanza mwili ulinisisimka. Kilichofanywa kilikuwa kibaya, na sheria za nchi hii zinalitambua kosa la kudharau kitu kitakatifu cha dini ya watu.

Lakini tuliangalie lile dai la nyoka, maana humo ndimo ninapoona kiini cha mambo yote. Mtoto aliambiwa kwamba mbingu zitajibu palepale. Mbingu hazikujibu. Akarudi nyumbani na miguu yake miwili, akala, akalala. Nadhani hicho ndicho kilichowachoma wengi moyoni, hata kama hakuna aliyekitamka: Mwenyezi Mungu alikuwa amenyamaza, na watu hawakuweza kuuvumilia ukimya Wake. Wakaamua kumfanyia kazi ambayo Yeye hakuifanya.

Huo ndio ubaya wa kwanza wa kisasi kinachovaa kanzu ya dini. Kinajifanya ni imani kali, na ndani yake mna mashaka. Anayeamini kweli kwamba Mwenyezi Mungu amejitwika Mwenyewe ulinzi wa Kitabu chake, kama inavyosema Sura ya Al-Hijr, hana haja ya kibiriti. Na anayeijua Sura ya Fatir anajua kwamba lau Mungu angewaadhibu watu papo hapo kwa kila walilolichuma, asingebaki kiumbe mgongoni mwa ardhi. Ukimya wa Mungu ni rehema, na ndani ya rehema hiyohiyo tunaishi sote, mimi na yule mtoto na wale walioshika mawe.

Tena mfano wa jambo kama hili tunao, na hauko mbali. Uko katika hadithi sahihi aliyoipokea Anas bin Malik, Bukhari na Muslim wote wameiweka, na kila aliyepita chuo akasoma mlango wa tohara ameisikia. Bedui mmoja aliingia msikiti wa Mtume, Madina, akasimama pembeni akakojoa. Si kwenye karatasi iliyopigwa chapa kiwandani. Ndani ya msikiti wa Mtume, Mtume mwenyewe akiwa hai na amekaa pale. Masahaba wakaruka kumwendea. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawazuia. Akaamuru aachwe mpaka amalize haja yake. Kisha akaagiza ndoo ya maji ikamwagwe pale mahali. Akamwita yule bedui, akamweleza kwa upole kwamba misikiti haikuwekwa kwa ajili ya mambo hayo.

Ndoo moja ya maji. Mbagala tulikuwa na kisa kilekile, mkojo uleule, mbele ya kitu kitukufu vilevile, na mfano wa Mtume ulikuwa vichwani mwa watu wote waliotoka swala ya Ijumaa mchana ule. Kwa nini haukufika mikononi? Swali hili limenikalia miaka yote hii. Ni swali kwa walimu wa dini, na ni swali kwangu mimi mwalimu wa shule.

Kijana mmoja mtaani kwetu, mtu mwenye adabu, fundi wa kuchomelea vyuma, alinijibu hivi tulipokuwa tukilizungumza barazani: "Mwalimu, Mtume alikuwa na nguvu, aliweza kusamehe. Sisi tukisamehe wataona tumelegea. Leo mtoto, kesho mtu mzima." Hoja yake nilitaka kuijibu kwa haki, kwa sababu haikuwa ya kijinga. Ni kweli msamaha wa mwenye nguvu ni tofauti na unyamavu wa mnyonge. Ni kweli pia kwamba jamii inayodharauliwa bila kujitetea huzidi kudharauliwa. Nikamuuliza: aliyeukojolea Msahafu ni nani? Akasema, yule mtoto. Nikamuuliza: aliyechomewa ni nani? Akanyamaza.

Sheria ya kisasi ipo katika dini yetu, imo katika Taurati pia, na watu wanaoitaja kwa sauti kubwa aghalabu hawajaisoma. Jicho kwa jicho liliwekwa kuwa mpaka, ili anayetolewa jicho asing'oe kichwa. Na katika fikihi kisasi kina masharti: lazima kosa lithibitishwe, lazima anayeadhibiwa awe ndiye aliyetenda, awe baleghe na mwenye akili timamu, lazima hukumu ipite kwa mwenye mamlaka, na mwenye haki ana mlango wazi wa kusamehe, tena anasifiwa akiupita. Ukiondoa sharti moja tu, jina lake si kisasi tena, ni dhulma. Umati huyaondoa yote kwa pamoja. Haumsikilizi shahidi, haumuulizi mtuhumiwa umri wake, hauna kadhi, na hakuna ndani yake anayeweza kusema "mimi nimesamehe," kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake kulisamehe. Hata mtu mmojammoja aliye ndani ya umati, akitaka kurudi nyuma, anasukumwa na aliye nyuma yake.

Na kwa kuwa umati hauwezi kumfikia mkosaji, unamtafuta anayefanana naye. Mtoto yuko mahabusu nyuma ya askari wenye bunduki. Kanisa liko barabarani, mlango wake wa mbao, Ijumaa mchana halina mtu. Kanisa halikukojoa. Wazee waliochangia bati zake kwa miaka, wale wamama wa kwaya, mlinzi, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna watoto wawili wanabishana mahali. Kurani inasema katika Sura ya Al-An'am, na inarudia kwingine, kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Nabii Ezekieli katika sura ya 18 anasema maana hiyohiyo kwa mwana na baba yake. Kama mwana habebi dhambi ya baba aliyemzaa, basi Mlutheri wa Zakhem ataibebaje dhambi ya mtoto ambaye hata jina lake halijui? Na Sura ya Al-Hajj inayataja makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, mahali ambapo jina la Mungu linatajwa kwa wingi, kuwa ni nyumba ambazo Mungu huwalinda watu kwa watu ili zisibomolewe. Waliokwenda Zakhem walibomoa kilichotajwa kwa heshima ndani ya Kitabu walichodai kukitetea.

Kukosa mlengwa namna hii hakukuwa bahati mbaya ya Mbagala. Wiki chache kabla, tarehe 27 Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Mombasa akiwa garini na familia yake. Vijana waliotoka barabarani kwa hasira waliamini kwamba serikali ndiyo iliyomuua. Wakashambulia makanisa. Mwaka uliofuata, Oktoba 2013, akauawa sheikh mwingine, na kanisa la Jeshi la Wokovu pale Majengo likachomwa. Fikiri mwenyewe: unamshuku polisi, unalichoma Jeshi la Wokovu.

Wala si ugonjwa wa Waislamu peke yao. Jumapili ya tarehe 30 Septemba 2012, siku 12 tu kabla ya Ijumaa yetu ya Mbagala, bomu la mkono lilirushwa kwenye darasa la watoto la kanisa la Mtakatifu Polikapi, Nairobi, mtoto akafa na wengine wakajeruhiwa. Watu wakatoka na mawe na marungu wakawavamia majirani Wasomali wa Eastleigh, wenye maduka, wanawake, watu waliokuwa wanakunywa chai nyumbani kwao. Aliyerusha bomu alikuwa ameshakimbia. Msomali wa jirani alikuwepo, akapigwa kwa kuwa alikuwepo. Na huku kwetu Tanzania, Buseresere, mkoani Geita, Februari 2013, ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja ng'ombe wa buchani uliishia kwa Mchungaji Mathayo Kachili kuuawa. Nyama! Mtu aliuawa kwa mjadala wa nyama.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kimakonde kutoka Masasi, Mkristo tangu babu zake, ndiye aliyenionyesha jambo katika Injili ambalo sikuwahi kulifikiria. Usiku wa kukamatwa Yesu, Petro alichomoa upanga kumtetea. Akampiga nani? Si Kayafa aliyetoa amri, si Yuda aliyemsaliti. Alimkata sikio Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, mtu aliyetumwa tu. "Unaona, Mwalimu," akaniambia, "hata Petro alikosea mtu." Na Yesu, anasema Luka, akaligusa lile sikio akaliponya kwanza, ndipo akaondoka nao.

Sasa niseme jambo ambalo wengi waliolizungumza la Mbagala hawakulisema. Umati ule haukuzaliwa msikitini. Tuliulea sisi wenyewe, Waislamu na Wakristo pamoja, kwenye vituo vya daladala.

Kabla ya mambo hayo ya 2012 nilikuwa nikishuka Rangi Tatu jioni, nikasikia ile sauti inayojulikana Dar es Salaam nzima: "Mwizi! Mwizi huyo!" Kijana kakwapua simu dirishani mwa daladala. Alishaanguka chini karibu na meza ya muuza machungwa, shati limechanika, damu inamtoka sikioni, machungwa yametapakaa. Aliyekuwa amesimama juu yake na tofali mkononi nilimfundisha mimi darasa la tano. Aliponiona, akainamisha kichwa kwa heshima, tofali bado liko mkononi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Nikamwambia liweke chini. Akaliweka. Lakini hakukuwa na aibu usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha kuliko damu. Alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza nauli imepanda: "Wakipelekwa polisi wanaachiwa, Mwalimu. Kesho anakuja tena." Mwingine alikuwa ameshapita na tairi. Difenda ya polisi ilifika mapema, na yule kijana akapakiwa akiwa hai. Wengi hawapati bahati hiyo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeripoti mwaka baada ya mwaka kwamba mamia ya Watanzania wanauawa hivi, na magazeti yetu yanaandika kwamba wameuawa na wananchi wenye hasira kali, aya mbili tu, ukurasa wa ndani.

Kwenye umati wa Rangi Tatu hakuna anayeulizwa dini. Muuza kahawa wa Rufiji na kondakta wa Moshi wanapiga pamoja. Pale watu wamejifunza kwamba hasira ya wengi ni ushahidi tosha, kwamba adhabu ni kitu unachoweza kukitoa ukielekea nyumbani, na kwamba mtu akishapewa jina la mwizi hana tena mama. Ijumaa ile mkono ulikuwa umeshazoea. Kilichobadilika ni jina tu: badala ya mwizi wakasema kafiri. Nchi inayonyamaza wanapochomwa wezi isishangae siku moto ukihamia madhabahuni. Na viongozi wa dini zote mbili, ambao waliwalaani waliochoma makanisa na nawashukuru kwa hilo, ningependa niwasikie pia wakiulaani moto wa tairi kwa sauti ileile, maana aliyemo ndani ya tairi naye ni nafsi iliyoharamishwa kuuawa.

Kuna malalamiko ya Waislamu wa nchi hii ambayo siwezi kuyaruka, kwa sababu kijana wangu wa kuchomelea hakuyaruka. Alisema: "Mbona Mwembechai hakuna aliyelia?" Tarehe 13 Februari 1998, Ijumaa pia, polisi walipiga risasi watu pale msikiti wa Mwembechai, Magomeni, Waislamu wakafa. Hakuna aliyeadhibiwa kwa damu hiyo. Hamza Njozi alipoandika kitabu juu yake, kikapigwa marufuku. Mwaka 2012 wenyewe ulikuwa umejaa manung'uniko: sensa ya Agosti ambayo baadhi ya masheikh waliwataka watu waigomee, mvutano wa Mahakama ya Kadhi, ile filamu ya Marekani ya kumtukana Mtume. Mtu asiyeijua Mwembechai hawezi kuuelewa uchungu uliokuwa umelala Mbagala, na anayemwambia Muislamu asahau tu, bila uchunguzi ulio wazi na bila hata neno la pole kutoka serikalini, anamwomba abebe jiwe kifuani asiseme kwamba ni zito.

Lakini nilimwambia yule kijana, na narudia hapa: waliopiga risasi Mwembechai walivaa sare za Jamhuri. Kama una deni na Jamhuri, lidai kwa Jamhuri, mchana, kwa jina lako, mahakamani na kwenye kura na kwenye mimbari. Deni la Jamhuri halilipwi na wanakwaya wa Zakhem. Tena ukilichoma kanisa umelitia deni lako maji: siku ya pili hakuna anayezungumzia Mwembechai, wote wanazungumzia moto wako. Waliokufa 1998 wamepoteza hata ule utetezi mdogo waliokuwa nao.

Nimwelezee kidogo yule jirani yangu, kwa sababu upande wake ndio uliobeba mtihani mgumu zaidi. Tarehe 29 Aprili 2009, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka hapa Mbagala na kuua watu zaidi ya 20, mimi nilikuwa kazini. Yeye ndiye aliyemfunga mjukuu wangu mgongoni kwa khanga akakimbia naye Barabara ya Kilwa mpaka Mtoni Mtongani, na wa kwake kawashika mikono. Siku ile hakuna bomu lililomuuliza mtu anasali wapi.

Kanisa analosali liliharibiwa. Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda kwake kumpa pole. Alikuwa uani anaosha viti vya plastiki vya kanisa, vile vya bluu, baadhi vimeyeyuka miguu, anatenga vinavyofaa na visivyofaa. Hakunialika kukaa mara moja kama siku zote. Akaendelea kusugua. Kisha akasema: "Usiku wanangu na wenzao walikaa hapa wanataka kwenda msikitini kwenu. Nimewaambia, mkienda, mimi nitakuwa nimetangulia. Mtanikuta nimekaa mlangoni." Akakisugua kiti kimoja kwa muda mrefu, akakitupa upande wa vibovu.

Hawakwenda. Sikusikia msikiti hata mmoja uliochomwa Dar es Salaam kulipiza yale ya Mbagala, na nionavyo mimi hili ndilo tukio kubwa la Oktoba ile, ingawa halina picha. Wapo waliosema Wakristo wa Mbagala hawakulipiza kwa sababu ni wachache mtaani, waliogopa. Huenda wako walioogopa. Nami nauliza, kuna ubaya gani? Mcha Mungu maana yake ni mwenye kuogopa. Katika moyo wa mtu mmoja hofu na wema hukaa chumba kimoja, na hatuna kipimo cha kuvitenganisha. Mwenye kipimo hicho ni mmoja. Ninachokijua ni kwamba kulipiza hakuhitaji watu wengi. Vijana watatu na chupa ya petroli wangetosha, usiku, kwenye msikiti wowote wa jiji. Walikuwepo, walitaka, na mama mmoja aliwazuia kwa kusema atakaa mlangoni.

Huku ndiko mnyororo wa kisasi unakokatika, na ona unakatwa na nani. Unakatwa na aliyeonewa, katika zamu yake ya kupiga. Aliyeanza hawezi kuukata. Anaweza kutubu tu. Ndiyo maana naona si haki, tena ni mzigo mzito mno, kumwachia aliyeonewa peke yake kazi ya kuleta amani kisha tukasimama kumsifu kwa uvumilivu wake. Sisi wa upande wa pili zamu yetu huja mapema zaidi, kabla jiwe halijarushwa. Mwalimu mwenzangu Mkenya, Salah Farah, aliijua zamu yake. Desemba 2015 basi lao la Mandera lilipovamiwa na Al-Shabaab, na Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo, yeye na abiria wenzake Waislamu walikataa kutengana. Akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Angeweza kusimama pembeni tu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mimi sikuwa Mandera. Zamu yangu ilikuwa hapa, na ilikuwa ya saruji. Wiki kadhaa baada ya moto nilimwendea mzee mmoja wa kamati ya msikiti wetu, mtu ninayemheshimu kama baba, nikamwambia sisi Waislamu wa Mbagala tuchangie ukarabati wa makanisa. Katika sheria yetu mwenye kuharibu mali ya mtu anailipa, na kama waharibifu hawakulipa basi tulipe sisi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanibana pabaya. "Mwalimu," akasema, "wewe umekuwa ukituambia hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Mimi sikuchoma kanisa. Wajukuu zangu hawakuchoma. Tukichanga, tumekiri. Na tukikiri kwamba kosa la wale wachache ni letu sote, basi tumewapa haki wale waliosema kosa la mtoto mmoja ni la Wakristo wote."

Nililala nalo jibu hilo. Ni hoja yangu mwenyewe iliyonirudia, na hakuwa amekosea mantiki. Jibu nililolipata ni hili, na bado naliamini. Hatia haigawanyiki. Haipiti kwa damu, wala kwa dini, wala kwa mtaa. Iko kwa aliyeshika kibiriti mpaka siku ya kiama. Lakini waliokwenda kule walikwenda kwa jina. Walisema wanatutetea sisi, mimi na wewe mzee wangu. Jina langu lilitumika kuchoma nyumba ya jirani yangu bila idhini yangu. Nikikaa kimya, nimeliacha jina huko lilikopelekwa. Nikichanga, silipi deni la mtu mwingine. Nalichukua jina langu nilirudishe nyumbani. Tena jirani akifiwa tunachanga, na hakuna anayedhani kwamba waliochanga sanda ndio walioua.

Nilimpelekea mzee jibu hilo. Alitikisa kichwa, akasema ni maneno mazuri, ila mtaani hayatasikika hivyo. Yatasikika kama kukiri. Hajakubaliana nami mpaka leo, na tunaendelea kuamkiana kwa heshima zote. Kamati haikuchanga. Baadhi yetu, wanawake wengi wao, tulichanga wenyewe tukanunua saruji. Jirani yangu alilipeleka ombi letu kwa wazee wa kanisa kwanza, kwa sababu hakutaka mifuko ifike kabla ya majadiliano. Alinieleza baadaye kwamba walibishana sana. Mzee mmoja alisema asingeweza kusali juu ya sakafu iliyojengwa kwa huruma ya waliolichoma. Mwingine akamjibu kwamba waliotoa siyo waliochoma, na kama wakishindwa kuona tofauti hiyo, basi nao wamekuwa kama ule umati. Wakapiga kura, saruji ikapokelewa, mhazini wao akatuandikia stakabadhi yenye mhuri, mifuko imehesabiwa.